Ego ya Kamachumu, Mwezi wa Goziba

Injinia Salehe alirudi Bukoba mwaka huu akiwa amestaafu, nywele zimekuwa nyeupe zote na mwendo umepungua, lakini sauti ni ile ile ya mtu aliyezoea kusoma waraka kwa sauti mpaka ukurasa wa mwisho. Kampuni iliyoinunua kampuni yetu ndogo ilikuwa imetualika sisi wa zamani katika ukumbi wa hoteli moja karibu na ziwa, tule pamoja na vijana wanaoiendeleza kazi tuliyoianza. Kabla ya chakula, meneja mpya, Bwana Edgar, kijana mwerevu na mwenye adabu, alitugawia kitabu kilichochapwa vizuri. Kilikuwa mwongozo wa kukusanya mahitaji ya mifumo ya kompyuta: nani aulizwe, kwa mpangilio gani, majibu yake yaandikwe vipi, na mteja akubali kwa njia ipi kabla programu haijaanza kuandikwa. Alisema utatumika kwa miradi yote, kuanzia benki za Dar es Salaam hadi boti za wagonjwa za visiwa vya Muleba, ambazo mfumo wa kuziita unakaribia kujengwa upya. "Utaratibu mmoja, ubora mmoja," alisema, akaomba wazee wa kazi tutoe maoni baada ya kula. Nilimtazama Salehe. Alikuwa akipapasa jalada la kile kitabu kwa kidole gumba, kama mtu aliyekutana na picha yake ya ujanani. Kwa maana yeye ndiye aliyewahi kuandika kitabu kama hicho, na mimi ndiye niliyekuwa pembeni yake katika mwaka ambao kitabu chake kilishindwa mara mbili.

Ofisi yetu mwaka ule ilikuwa nyumba ya kupanga kule Kahororo, mali ya mwalimu mstaafu tuliyemwita Ma Eliza, ambaye alijibakizia vyumba vya nyuma na jiko. Sebule yake ndiyo ilikuwa chumba chetu cha mikutano. Kabati la vyombo halikuhamishwa, kwa hiyo tulijadili mifumo mbele ya vikombe vya kaure na picha ya kipaimara ya binti yake, na kebo za kompyuta zilipita chini ya vitambaa alivyovidarizi mwenyewe. Mchana alitupikia, kwa makubaliano ambayo sikumbuki nani aliyaanzisha: ndizi na maharage, siku nyingine ndizi na samaki, zikiwa zimefunikwa kwa jani la mgomba mpaka zinalainika na kuchukua harufu yake. Salehe, mtu wa Tanga, alikula kwa heshima na kulalamika kwa heshima.

"Ma Eliza, siku moja tu nionje nazi."

"Nazi itoke wapi, mwanangu? Kula. Hizi ndizo zilizomsomesha Kokushubila mpaka akaja kukufanyia kazi."

Kokushubila ni mimi. Nilikuwa na miaka thelathini na kidogo, na cheo changu kilikuwa mchambuzi wa mahitaji. Maana yake, niliwaendea watu watakaoutumia mfumo, nikasikia wanachohitaji, kisha nikakiandika kwa namna ambayo mwandishi wa programu hatalazimika kubahatisha. Salehe alikuwa mkuu wa ofisi na ndiye aliyeandika programu zenyewe. Mwongozo wake aliutunga Dar es Salaam, baada ya miaka ya kufanya kazi na wateja wakubwa waliobadili nia kila wiki, na sitaki msomaji amwone mtu wa kudharauliwa kwa kuupenda. Mwongozo ule ulikuwa umeokoa miradi. Uliagiza mkutano wa wote, usomaji wa kila hitaji moja moja, swali la wazi kama yupo anayepinga, kisha kukubali. Kosa lililokuwamo halikuwa katika maneno yake. Lilikuwa katika imani kwamba watu wote wa dunia hukubali kwa namna moja.

Mwanzoni mwa mwaka, kabla hatujatoka kwenda popote, alikuja Kahororo Nesi Tabitha, muuguzi wa zahanati ya kisiwani Goziba. Ma Eliza alimkalisha mezani na kumjazia sahani kabla hajaulizwa shida yake, na alieleza akiwa anakula, polepole, bila kuinua macho. Goziba haifikiki ila kwa maji. Kambi za wavuvi zimetapakaa ufukweni, na boti ya wagonjwa husubiri upande mmoja wa kisiwa, karibu na zahanati. Mjamzito mmoja, Prisca, alikuwa ameshikwa na uchungu katika kambi iliyoko upande wa pili. Mumewe alipiga simu, akataja jina la kambi. Nahodha alikwenda kwenye kambi yenye jina hilo. Lakini kambi hiyo ilikuwa imehama na jina lake, wakati mume alitaja jina la zamani la mahali alipokuwa amesimama. Boti ilizunguka. Walipomfikia Prisca, alikuwa amelala mchangani, amefunikwa kanga mpaka usoni.

"Boti ipo," Nesi Tabitha alisema. "Mafuta yapo, nahodha yupo, na mnara wa simu umeshajengwa pale mlimani. Kinachokosekana ni boti kujua iende wapi. Injinia, hilo mnaliweza?"

"Tunaliweza," Salehe alijibu. "Mfumo utakuwa tayari kabla ziwa halijachafuka kwa mvua kubwa."

Nilimwamini, na bado naona alikuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini tulikuwa na kazi nyingine iliyotangulia, mfumo wa chama cha wakulima wa kahawa wa Kamachumu, na tulikubaliana kuimaliza kwanza, ili njia yetu ya kufanya kazi iwe imenolewa tutakapofika kisiwani. Nesi aliondoka akiwa amefungiwa ndizi za njiani. Kuanzia siku hiyo, kila tulipochelewa mahali, mmoja wetu alimkumbusha mwenzake jina la Prisca.

Kamachumu tulikutana na wakulima katika ukumbi wa kanisa, asubuhi yenye ukungu uliokuwa bado umeshika migomba. Tulipokewa kama wageni wanavyopokewa: kiti kizuri, salamu zisizo na haraka, kisha kisahani cha kahawa ya kutafuna kikazungushwa kuanzia kwa Salehe. Alizitia punje mdomoni zote kwa pamoja, watu wakacheka kwa upole. Mwenyekiti wao, Mzee Kaijage, mtu mrefu mwenye koti la sufu lililotunzwa sana, aliketi mstari wa mbele, mikono juu ya fimbo. Salehe akawasha projekta, akaanza kusoma. Kila mkulima atapata ujumbe wa simu wa siku ya kuleta kahawa. Ego, wakaitika kwa Kihaya. Kila mzigo utapimwa mbele ya mwenyewe. Ego. Kila kibanja, yaani lile shamba la nyumbani lenye migomba na mibuni, kitasajiliwa kwa jina la mwenye kibanja, mtu mmoja, na yeye ndiye atakayeleta kahawa. Palikuwa na kimya kifupi kama pumzi. Kisha Mzee Kaijage akasema, "Ego, waitu," na ukumbi wote ukamfuata.

"Hakuna anayepinga?" Salehe aliuliza, kama mwongozo ulivyoagiza.

"Ego, waitu."

Garini nilimwambia kwamba ile ego ya tatu haikufanana na zile mbili za kwanza. Nilimweleza kuwa Kihaya ninakisikia tangu utotoni, na kwamba neno hilo ni ndiyo, lakini pia ni nimekusikia, endelea, karibu kwetu, hatutakuaibisha mbele za watu; na waitu ni la heshima tu, kama kusema mpendwa wetu. Alicheka, bila dharau.

"Kokushubila, ndiyo ni ndiyo. Nikianza kupiga ramli ndiyo za watu, nitafungua kilinge, si ofisi."

"Basi tutaonana siku ya jaribio," nikamwambia.

Siku ya jaribio niliketi mimi mwenyewe kwenye kompyuta, karani wa chama akiita majina, Salehe amesimama nyuma yangu kifua mbele. Wakulima walikuja kwa wingi, wamevaa vizuri, na kila mmoja alipoulizwa jina la mwenye kibanja alijibu bila kusita. Kazi ilikwenda kwa kasi ya kupendeza, mpaka Salehe alipogundua kwamba mtu aliyesimama mbele yetu hakuwa mwenye jina alilolitaja.

"Huyu Mzee Byabato anaweza kuja mwenyewe?" aliuliza.

"Mzee yuko kibanjani, waitu."

"Hakuna neno, tutamsubiri. Aitwe."

"Yuko kibanjani," yule bwana alirudia, akaangalia chini kwa adabu. "Chini ya migomba. Ana miaka mingi pale."

Nilikunja midomo nisicheke, kwa maana nyuma ya foleni kina mama walikuwa wameshaanza kuzibana kanga vinywani. Tulipouliza waliotangulia, ikawa vile vile. Mfumo wetu ulikuwa umesajili makaburi. Hakuna aliyedanganya. Mtoto hawezi kusimama mbele ya majirani na kutamka jina lake mwenyewe kuwa ndiye mwenye kibanja alichoachiwa na baba, ilhali ndugu zake wapo, mama yake yupo, na baba mwenyewe amelala palepale. Kutamka hivyo ni kuanzisha kesi. Kwa hiyo walikuwa wametaja jina pekee ambalo halingemgombanisha mtu, na mwongozo wa Salehe, ulioomba jina moja tu, ukalipata.

Salehe alirudi Kahororo na orodha ya majina ya marehemu mkononi. Kilichomfungua masikio ni jambo lililotokea siku chache baadaye, tukiwa mezani, dirisha la nyuma liko wazi. Bwana mmoja kutoka mjini alikuwa amekuja kumshawishi Ma Eliza amuuzie kipande cha kiwanja kilichokuwa nyuma ya jiko. Tulimsikia akijieleza kwa urefu, na tukamsikia Ma Eliza akiitika, taratibu, kwa sauti ya asali: ego, ego, waitu, ego. Bwana yule akaaga kwa shukrani nyingi. Salehe alikuwa ameshika kijiko hewani.

"Ameuza! Kokushubila, tutahama?"

"Subiri chai," nikamwambia.

Ma Eliza aliingia na birika. Salehe hakumpa nafasi hata ya kuitua. "Ma, umemuuzia yule?"

"Nani auze? Hapati hata tuta moja."

"Lakini tumekusikia unasema ndiyo!"

"Nimesema ego. Ulitaka nimfukuze mgeni mlangoni kwangu, na jua lote hili? Kesho nitampelekea salamu kwa mjomba wake, na mjomba wake ataelewa." Akamimina chai. "Wewe huko Tanga mnafanyaje? Mnapigana?"

Salehe alikitua kijiko, akanigeukia. "Kwa hiyo mahitaji yangu yote ya Kamachumu…"

"Wamekusikia," nilimwambia. "Sasa twende tukawaulize."

Tulikwenda nyumba kwa nyumba, na safari hii mimi ndiye niliyepanga utaratibu. Hatukubeba projekta. Tuliketi, tulitafuna kahawa, punje moja moja, tulizungumza habari za mvua na za shule, na hapana zikaanza kujitokeza, laini, zimevikwa maneno mengine. Mzee Kaijage alitutembeza kibanjani kwake kabla ya kusema lolote, akatuonyesha kaburi la baba yake lililopakwa chokaa, kisha akauliza kama kuuliza tu: hivi kompyuta yenu haiwezi kulijua shamba mpaka imjue mtu? Hapo ndipo suluhisho lilipotoka. Kila kibanja tulikisajili kwa jina la kibanja chenyewe, jina ambalo kila jirani analijua, na chini yake tukaruhusu watu wa nyumba hiyo kuleta kahawa bila yeyote kuitwa mwenye kibanja. Wanawake, ambao ndio waliokuwa wakichuma na kubeba, waliingia kwenye mfumo kwa mlango huo, bila hotuba. Tulipomsomea Mzee Kaijage marekebisho, palikuwa na hitaji jingine dogo, la ujumbe kutumwa alfajiri. Alitikisa kichwa. "Hapana," alisema. "Alfajiri mtaamsha wajukuu." Salehe alimshika mkono kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa zawadi. Ilikuwa hapana yake ya kwanza Kamachumu.

Nikiitazama sasa, naona hatari ilikuwa imejificha ndani ya furaha ile. Salehe aliuandika upya mwongozo wake. Palipokuwa na mkutano mmoja, aliweka mkutano na ziara za nyumbani. Palipokuwa na swali kama yupo anayepinga, aliweka kurudi baada ya muda na kumsikiliza kila mtu faraghani. Ulikuwa waraka mzuri, na ulikuwa umetoka katika maisha ya watu halisi. Aliufunga kwa uzi wa kijani, akaniambia, "Huu sasa ndio." Nami nilifurahi naye, huku nikijisemea kwamba Kamachumu tumeijua Kamachumu, na Goziba bado.

Tulivuka kwenda kisiwani katika siku ambazo ziwa lilikuwa limetulia. Pale mwaloni, mahali boti zinapofungwa, dagaa walikuwa wameanikwa mchangani mpaka ukikosa pa kukanyaga, na lugha zilipishana hewani, Kikerewe, Kijita, Kisukuma, Kiswahili kikiwa juu ya zote kwa kuwa hakikuwa cha mtu. Hapakuwa na kiti kizuri wala utangulizi. Nesi Tabitha alitukutanisha na Masatu, aliyekuwa akiwasimamia wavuvi wa kambi kubwa, mtu mnene mwenye sauti ya kupasua upepo. Salehe alianza salamu za Kamachumu, za kuulizia nyumba na watoto.

"Mzee, watoto wako Ukerewe," Masatu alisema. "Sema ulichokuja nacho. Tunaingia giza."

Salehe alisema. Masatu alisikiliza akiwa anakagua taa za kuvulia, akaeleza kwamba jambo ni jema, Prisca kila mtu anamkumbuka, lakini siku zile hapakuwa na mtu wa kukaa kikao. "Njooni mwezi. Mwezi tutakaa hata kutwa."

"Mwezi ujao," Salehe alithibitisha.

"Mwezi," Masatu alisema, akawa ameshaenda.

Tulirudi mwezi uliofuata, tarehe ile ile, kama mtu mwaminifu anavyorudi. Kisiwa kilikuwa kimelala. Jua lilikuwa juu, na wanaume walikuwa wamejinyoosha chini ya vibanda, nyavu zimewafunika miguu, wakikoroma. Ni wanawake tu waliokuwa macho, wakigeuza dagaa. Salehe, kwa utii wa mwongozo mpya, alianza kuzunguka kibanda kwa kibanda ili amsikie kila mtu faraghani.

"Huyu ni wa kodi au wa dini?" sauti moja iliuliza kutoka chini ya chandarua.

"Wa kompyuta," mwingine akajibu bila kufumbua macho.

"Mwambieni mimi siumwi, asinitembelee."

Masatu mwenyewe hakuwepo. Kambi yake ilikuwa imefuata samaki kisiwa kingine, na waliokuwa pale hawakuwahi kutusikia. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika dagaa, alipoona tunavyohangaika, alituonea huruma. "Nani aliwaambia mje giza? Giza watu wanavua. Mwezi ukiwa angani dagaa hawafuati taa, ndipo wanaume wanakaa." Nikaelewa papo hapo, na nikamwona Salehe akielewa. Masatu alisema mwezi wa juu, sisi tukasikia mwezi wa kalenda. Na ukiondoka kisiwani wakati wa giza, ukahesabu mwezi mmoja wa kalenda, unakifikia tena kikiwa gizani.

Jioni ile tuliketi nje ya zahanati, sahani ya wali na dagaa wa kukaanga katikati yetu, na kwa mara ya kwanza nilimsikia Salehe akisema kwamba huenda kazi hii haitawezekana. Mawingu ya mvua kubwa yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa magharibi. Nesi Tabitha alikuwa ndani akisafisha vyombo vyake, na mlango ulikuwa wazi.

"Ule wa kwanza ulishindwa," Salehe alisema. "Huu wa pili nimeutoa kwa watu wenyewe, na wenyewe wananifukuza."

"Uliutoa kwa watu wa Kamachumu," nikamwambia. "Kule mtu hahami. Baba yake yuko chini ya migomba, yeye ataondoka aende wapi? Ndiyo maana unaweza kumrudia kesho. Hapa anayekujibu leo, kesho yuko kisiwa kingine. Lakini hapa pia hakuna anayeogopa kukuambia hapana. Umetukanwa tangu asubuhi, hukusikia? Kile tulichokitafuta Kamachumu kwa ziara, hapa wanakupa bure."

"Kwa hiyo mwongozo tuutupe?"

"Tuukate upya. Ziara za faragha tuziache. Tuje mwezi ukiwa angani, na tuje na kitu kinachofanya kazi, hata kibovu. Wakikitukana, unakirekebisha hapo hapo, wanakitukana tena. Usiulize jina la mtu, kwa sababu mtu atahama. Uliza kazi yake: anayeendesha boti, anayebaki kambini."

Aliisukuma sahani kando. "Na kukubali kwao nitakupata wapi, kama sina mtu wa kumrudia?"

Nesi Tabitha ndiye aliyejibu, kutoka ndani. "Nikubali mimi. Mtu ambaye hajawahi kuwasikia ninyi akiita boti na boti ikamfikia, nimekubali. Asipoweza, msiniletee kitu cha kusaini."

Tulirudi siku za mbalamwezi, asubuhi. Salehe aliweka kompyuta yake kwenye dirisha la zahanati, jenereta ikinguruma nyuma, na wavuvi walikuja wenyewe, kwa kuwa hawakuwa na kingine cha kufanya na kwa kuwa kulikuwa na mtu wa kubishana naye. Nilianza kuwasomea mahitaji. Mmoja wao alinikatiza, "Dada, acha kusoma, washa tuone." Nikaacha kusoma. Toleo la kwanza lilimtaka mtu aandike jina la kambi. Wakalikataa kwa kelele: kambi zinahama, ndicho kilichomuua Prisca. Toleo lililofuata lilitaka maneno ya kueleza mahali. Jamaa mmoja alinyanyua simu yake, herufi zote zimefutika kwenye vitufe. "Mimi naona tarakimu tu, na hizo nazikisia." Salehe aliinama, akaandika, akainua kichwa, akatukanwa, akainama tena; kufika mchana alikuwa akiwajibu kwa matani yao hayo hayo, na sikuwahi kumwona na furaha kama ile. Nahodha wa boti ndiye aliyemalizia. Alisema yeye majina hayamsaidii, anachokijua ni kile anachokiona akiwa majini: jiwe lililopasuka, bati la bluu, miti mitatu, mchanga mweupe. Hivyo vitu havihami. Basi kila kimoja kilipewa tarakimu yake, tarakimu hiyo ikapakwa rangi ufukweni mahali husika, na mtu yeyote, kwa simu yoyote, angetuma tarakimu hiyo peke yake, na boti ingejua iende wapi.

Jaribio la Nesi lilifanywa na mama muuza vitenge aliyekuwa ameshuka kutoka boti ya abiria muda si mrefu. Hakujua lolote. Alipelekwa kwenye jiwe lililopasuka, akaonyeshwa tarakimu iliyopakwa, akaambiwa ajifanye mgonjwa. "Mgonjwa wa nini?" aliuliza. "Wa moyo," wavuvi wakampigia kelele. Alituma. Tulisubiri, macho yote ufukweni, mpaka pua ya boti ilipojitokeza nyuma ya jiwe na mama yule akaanza kupiga vigelegele, akisahau kwamba anaumwa. Nesi Tabitha alimpungia mkono nahodha. Aliingia ndani, akatoka na soda ya Salehe.

Lakini ninapoulizwa ni lini hasa kazi ile ilikubaliwa, jibu langu ni mchana mmoja wa mvua kubwa huko Kahororo. Tulikuwa mezani. Simu ya Salehe, ambayo ilipokea nakala ya kila mwito, ililia; alisoma, akanipa. Ilikuwa tarakimu ya bati la bluu, peke yake, kutoka namba ambayo hatukuwa tukiijua.

"Umepanga jaribio?" aliniuliza.

"Sijapanga."

Hakuna aliyegusa chakula tena. Mvua iligonga bati kwa nguvu, na niliwaza mawimbi. Ma Eliza aliingia, akatuona, akauliza, tukamwambia. Aliketi nasi, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya, mikono imefumbatana juu ya kitambaa chake cha meza. Ndizi zilipoa. Hatimaye Nesi Tabitha alipiga simu, upepo ukivuma nyuma ya sauti yake. Mama aliyeshikwa na uchungu alikuwa wa kambi mpya kabisa. Walifika kisiwani wiki hiyo hiyo, hawakuwa wamehudhuria kikao chochote. Mumewe aliiona tarakimu imepakwa, akauliza ni ya nini, jirani akamwambia. Boti ilikwenda moja kwa moja. Walikuwa wamefika hospitali ya nchi kavu, mama yuko salama, mtoto wa kike analia.

"Wakola," Ma Eliza alimwambia Salehe. Umefanya vema. Kisha akazichukua sahani zetu, akaenda kupasha ndizi moto.

Nimefanya kazi nyingi tangu wakati huo, za hospitali, za shule, za benki, na sijawahi tena kuanza na mahitaji. Ninaanza kwa kuuliza watu hawa husema hapana kwa namna gani, huketi lini, na ni nani kati yao nitamkuta nikirudi. Majibu hayo ndiyo huniambia ni mwongozo gani niukate, urefu gani na upana gani, na benki ikihitaji ule wa kwanza wa Salehe, wenye mkutano na sahihi, ninauvaa huo bila aibu.

Baada ya chakula pale hotelini, Bwana Edgar alisimama tena. Alieleza mradi wa boti za visiwa vyote: mkutano mmoja Muleba mjini, wawakilishi waalikwe kwa majina, mahitaji yasomwe, yakubaliwe mwisho wa mwezi, mfumo ujengwe. Alieleza vizuri, na alituheshimu. Niliyasikia maneno mwisho wa mwezi na nikamwona mtu amesimama ufukweni ameshika simu, na boti ikizunguka. Kisha akamgeukia Salehe, kwa unyenyekevu wa kweli. "Mzee wetu, wewe ndiye baba wa miongozo hii. Utaratibu huu unaonaje? Tuendelee nao?"

Salehe aliweka kikombe chini. Akamtazama yule kijana kwa upole mwingi, kama mtu anayemtazama mgeni aliyesafiri juani.

"Ego, waitu," alisema.

Ukumbi ulipiga makofi. Bwana Edgar alitabasamu, akaandika. Mimi nilihamisha kiti changu karibu na cha Salehe, nikamwambia kwamba kesho asubuhi nitamwendea yule kijana nyumbani kwake, na nikamwuliza kama atakuja nami.

"Nimeshanunua kahawa ya kutafuna," alinijibu.